Kodi imepandishwa: jinsi ya kujua sheria inayokuhusu ukiwa Kisumu, Nakuru, Busia au ng'ambo ya mpaka

Karibu kila wiki napata swali lile lile, kinachobadilika ni jina la mji tu. "Nimehama Nakuru nikaja Kisumu, huku landlodi anaruhusiwa kupandisha kodi mara ngapi kwa mwaka?" "Nasikia Kakamega hawawezi kupandisha kabla mwaka uishe, ni ukweli?" "Binamu yangu anakaa Busia ya Uganda, kwao landlodi haongezi zaidi ya asilimia 10, mbona wetu ametoka 6,000 akaruka hadi 9,000?" Nimeyajibu kwa simu, ndani ya matatu, hata kwa matanga ya watu, sasa nimeona niandike yote mahali pamoja ndio mtu akiuliza nimtumie hii asome polepole.

Kitu cha kwanza uelewe: ndani ya Kenya, mji haubadilishi sheria ya kodi. Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega, Bungoma, zote ziko chini ya sheria za Bunge, na kaunti haina mamlaka ya kumwambia landlodi wa kibinafsi usipite kiasi fulani. Nakuru ilipopewa hati ya jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024, sheria ya kodi ilibaki vile ilikuwa. Kinachobadilisha mambo ni matumizi ya nyumba, kiasi cha kodi, na nani mwenye nyumba. Halafu kuna mpaka. Pale Busia na Malaba ukivuka tu, sheria inageuka kabisa.

Nadhani mkanganyiko mwingi unatoka kwa video za Marekani. Kule ni kweli miji jirani inatofautiana. Los Angeles na Santa Monica zimepakana lakini kila moja ina kanuni zake, Los Angeles inalinda majengo ya kupangisha yaliyojengwa kabla ya Oktoba 1978, Santa Monica ina bodi yake yenyewe na tarehe yake ya Aprili 1979. Mtu anatazama hiyo anafikiria hata Kondele ya Kisumu na Free Area ya Nakuru ziko hivyo. Haziko.

Vitu vya kuwa navyo kabla uanze

- Agrimenti ya kupanga, kama ulipewa. Kama hukupewa usiogope, kuna mahali hiyo inakusaidia, tutafika.
- Ushahidi wa kodi uliyolipa, angalau miezi 6: risiti, kitabu cha kodi, au taarifa ya M-Pesa. Taarifa ya M-Pesa unaiitisha mwenyewe kwa simu yako, huhitaji kumwomba mtu.
- Notisi yenyewe ya kupandisha kodi. Kama ilikuja kwa wasap piga skrinishoti ionekane na tarehe. Kama keateka (mwangalizi wa ploti) alikuja akasema kwa mdomo, andika siku, saa na nani alikuwepo.
- Jina kamili la landlodi, sio "Baba Brayo wa ploti". Kama mnalipa kwa ejenti andika na jina la ejenti.
- Daftari. Nasema daftari la karatasi, simu huibiwa.

Hatua kwa hatua

1. Uliza nyumba imesimama nchi gani.

Sio wewe unatoka wapi, sio unalipa kwa pesa gani. Mkenya mwenye kitambulisho cha Kenya akipanga chumba Busia ya Uganda, anafuata sheria ya Uganda hata kama analipa kwa shilingi za Kenya kila mwezi. Na Mganda aliyepanga Burumba anafuata ya Kenya. Watu wengi wa mpakani wanakosea hapa, wanabeba sheria kama wanabeba kitambulisho. Kama nyumba iko Uganda ruka uende hatua ya 7.

2. Ni ya kulala, ni ya biashara, au ni ya kaunti?

Ya kulala ya mtu binafsi, nenda hatua ya 3. Duka, saluni, kinyozi, hoteli, kibanda cha chai cha mtu binafsi, nenda hatua ya 5. Stendi au nyumba ya kaunti, hatua ya 6. Usichanganye hizi tatu, manake hata pale unashtakia ni tofauti, na kesi ikipelekwa mahali sipo inatupwa nje bila kusikizwa na umeshapoteza miezi.

3. Kama ni ya kulala, angalia ile namba 2,500.

Hapa ndipo watu hushtuka. Kenya iko na sheria ya kudhibiti kodi kweli, ni Sura ya 296, ya tangu 1959, na iko na tribunali yake, yaani baraza la kuamua kesi za kodi. Lakini inalinda nyumba za kulala ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hiyo namba imekaa hapo miaka na miaka bei zote zikipanda, kwa hivyo leo inashika vyumba vya mabati vya Nyalenda na Obunga kule Kisumu, Rhonda na Kaptembwo kule Nakuru, na miji midogo kama Luanda au Mumias unapata hata chumba cha mawe kwa hiyo bei. Bedsita ya Milimani haimo. Hii ndio sababu mtu wa Mumias anaweza kuona kama mji wao unalinda wapangaji kuliko Kisumu. Sheria ni ile ile moja, ni bei ya chumba imemwingiza ndani.

Kama uko chini ya 2,500 uko na nguvu kuliko unavyodhani. Landlodi hapandishi tu kwa kuamka vibaya, na hawezi kukutoa bila amri ya tribunali hata kama mmekosana. Pia anatakiwa aweke kitabu cha kodi.

*Onyo:* wengine wanapandisha kutoka 2,400 hadi 2,600 ndio waseme "umeshatoka kwa hiyo sheria." Usikubali haraka hivyo. Kinachoangaliwa ni kodi ya msingi ya hiyo nyumba, ile inayotambuliwa na tribunali, sio ile aliyoipachika juzi. Beba risiti za zamani.

4. Kama ni ya kulala na ni zaidi ya 2,500, soma agrimenti mara mbili.

Nisikudanganye: hakuna asilimia. Hakuna sheria Kenya inayosema landlodi wa nyumba ya 8,000 asiongeze zaidi ya 10 au 20. Wanaokuambia iko wanakuambia wanachotamani, na mimi pia natamani. Ulicho nacho ni agrimenti na Sheria ya Ardhi ya 2012.

Kama agrimenti inasema mwaka mmoja kwa 8,000, basi ni 8,000 mpaka mwaka uishe, isipokuwa kuna mstari ndani unaomruhusu kubadilisha katikati. Tafuta huo mstari. Mara nyingi umefichwa karibu na mambo ya takataka na maji. Kama hamna agrimenti na unalipa kila mwezi, basi wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na kukutoa lazima akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi. Kwa hivyo akikuambia tarehe 20 "kuanzia tarehe 1 ni 9,000 ama uhame", hiyo haijafika. Una haki ya ule mwezi mzima kwa bei ya zamani ukijipanga.

Kuna sababu moja wanapenda kutoa siku hizi, ati ni KRA, wale wa kukusanya ushuru wa serikali. Ushuru wa mapato ya nyumba ni wa landlodi, unatoka kwa pesa yake, na tangu Januari 2024 ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Anaweza kukuongezea kwa sababu zake, lakini hiyo usiimeze.

*Onyo:* usikae kimya ukiendelea kulipa bei mpya miezi 4 ndio uanze kulalamika. Ukishalipa bila kusema kitu, umekubali.

5. Kama ni ya biashara, hapa shika kalamu.

Hii ndio sehemu mpangaji wa Kenya analindwa vizuri na wengi hawajui. Sura ya 301, ya 1965, ni ya maduka, hoteli na nyumba za kulisha watu. Duka hapo linajumlisha mahali popote unauza bidhaa au unatoa huduma ya kulipiwa, kwa hivyo kinyozi yumo, fundi nguo yumo, mtu wa M-Pesa yumo. Na haina kipimo cha 2,500, iwe unalipa 3,000 ama 80,000.

Unalindwa kama hamna agrimenti ya kuandikwa, au iko ya kuandikwa lakini haizidi miaka 5, au ni ndefu zaidi lakini iko na kipengele cha kuivunja ndani ya hiyo miaka 5. Umeona? Yule wa kukosa agrimenti, ambaye kwa nyumba ya kulala ni mnyonge, huku ndio amekaa imara.

Nikupe mfano nilioushika kwa mikono yangu. Kuna mama anakaanga samaki karibu na stage ya Kondele, chumba kimoja mbele ya ploti, amekaa miaka 7 hapo bila agrimenti. Siku moja akaniletea karatasi iliyochanwa kwa daftari la mtoto la mistari miraba, imeshika mafuta pembeni, imeandikwa kwa peni nyekundu: kuanzia mwezi ujao ni 12,000, asiyeweza aache funguo. Alikuwa analipa 7,500. Alikuwa ameshaanza kufunga sufuria. Nikamwambia mama, rudisha hizo sufuria, hii karatasi sio notisi.

Kwa Sura ya 301 notisi ya kupandisha kodi au ya kukutoa iko hivi:

- iwe kwa fomu maalum iliyowekwa na sheria, sio karatasi yoyote tu
- iseme sababu
- isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu uipokee
- ikuambie ndani ya mwezi mmoja ujibu kama unakubali au hukubali

Ikikosa hayo haina nguvu, na wewe unaendelea kulipa bei ya zamani, tena unalipa kwa siku yake bila kuchelewa. Yule mama alituma 7,500 tarehe 3 kama kawaida, akaandika barua ya mistari minne kwamba hajapata notisi ya kisheria, nikamsaidia kupiga kopi. Landlodi alirudi baadaye na fomu ya kweli, wakaongea, wakakubaliana 8,500. Hakushinda kila kitu lakini yuko pale pale anakaanga.

Kama fomu ni ya kweli na hukubaliani, jibu kwa maandishi ndani ya ule mwezi, halafu kabla miezi 2 iishe peleka shauri kwa Tribunali ya Kodi za Biashara. Ukishapeleka, notisi inasimama mpaka iamuliwe. Usipopeleka, tarehe ikifika notisi inaanza kufanya kazi. Tribunali ndio itasema kodi mpya ni ngapi, na hapo huwa wanaangalia wenzako wa maduka ya jirani wanalipa ngapi, kwa hivyo zunguka mapema uulize bei za majirani uandike.

*Onyo kubwa:* usichelewe kodi ya zamani hata siku moja wakati unapigana. Kuchelewa miezi 2 au kuwa mtu wa kuchelewa kila wakati ni sababu halali ya kukutoa, na utakuwa umempa kisu mwenyewe.

6. Kama ni stendi au nyumba ya kaunti, hapa ndipo miji inatofautiana kweli.

Ile Sura ya 301 inasema wazi kwamba serikali au serikali ya mtaa ikiwa upande mmoja wa upangaji, hiyo si ya kulindwa, na korti imezoea kuhesabu kaunti pale palipoandikwa serikali za mitaa. Kwa hivyo mtu wa stendi ya soko la kaunti hawezi kukimbilia tribunali kama yule mama wa samaki.

Bei za stendi, na za nyumba za kaunti, zinawekwa kwenye Sheria ya Fedha ya kila kaunti, na kila bunge la kaunti linapitisha yake. Hapo ndio unaweza kukuta stendi ya Kisumu na ya Vihiga, mwendo wa matatu moja, zina bei na masharti mbali kabisa. Ukitaka kuilinganisha usiulize mtu barabarani, tafuta Sheria ya Fedha ya kaunti yako ya mwaka huo, enda moja kwa moja kwenye jedwali la ada mwisho wa kitabu, tafuta jina la soko lako. Kitu unacholipa kikizidi kilichoandikwa pale, itisha risiti ya kaunti na uulize ofisi ya mapato kwa barua. Na mahali pa kuibadilisha ni wakati wa vikao vya maoni ya umma kabla mswada upite. Hivyo vikao watu wa soko hawaendi, wanaenda wachache, halafu tunashangaa mwaka ukianza. Tafadhali muende.

7. Kama nyumba iko Uganda.

Uganda ilitunga sheria mpya ya landlodi na mpangaji mwaka wa 2022, na inafanya kitu ambacho sisi hatuna: landlodi haongezi kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa kiwango kingine kitangazwe kisheria. Chumba cha Busia ya Uganda cha 200,000 za kwao, mwaka ujao mwisho ni 220,000. Upangaji wa thamani ya 500,000 za Uganda au zaidi lazima uandikwe. Kodi inahesabiwa kwa shilingi ya Uganda kama hamkukubaliana vingine, na kukutoa ni kwa amri ya korti.

Kwa hivyo yule binamu hakudanganya. Kosa ni kuchukua hiyo asilimia 10 yake na kumwekea landlodi wa Mundika, upande wa Kenya, mezani, atakucheka na kwa hilo atakuwa na haki.

8. Andika jibu, ndio uende.

Barua fupi: jina lako, nyumba, kodi ya sasa, tarehe ulipata notisi, unakubali au hukubali na kwa nini. Nakala mbili, moja asaini amepokea. Akikataa kusaini mtumie picha ya hiyo barua kwa wasap na uache hivyo. Halafu:

- Kulala, chini ya 2,500: Tribunali ya Udhibiti wa Kodi.
- Biashara ya mtu binafsi: Tribunali ya Kodi za Biashara.
- Kulala, zaidi ya 2,500: korti ya kawaida. Ikiwa unadai pesa tu, kwa mfano dipoziti, na haizidi milioni 1, enda Mahakama ya Madai Madogo, Kisumu na Nakuru zote ziko nayo, unaweza kujisimamia bila wakili na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Hujui tribunali inakaa lini karibu na wewe, uliza dawati la wateja la korti, watakuonyesha na jinsi ya kufungua kesi kwa mtandao.

Ikikataa: matatizo ya kawaida

*Landlodi hataki kutoa risiti.* Acha kulipa keshi. Mimi nilipoteza dipoziti ya 6,500 Nakuru miaka ile nikitoka Section 58 kwa sababu nilimpa keateka mkononi, keateka akahama, na mwenye ploti akasema hajawahi kuona hiyo pesa, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Tuma kwa M-Pesa au benki, na picha za chumba upige siku ya kuingia na siku ya kutoka.

*Anakataa kupokea kodi ya zamani ndio aseme una deni.* Tuma tu kwa ile namba ya siku zote. Akirudisha, hifadhi ujumbe wa kurudishwa, na pesa uiweke kando usiitumie, siku ya tribunali uende nayo.

*Amefunga mlango kwa kufuli yake au ameng'oa mabati.* Hana ruhusa ya kujitolea hukumu. Hata kuchukua vitu vya deni la kodi kunapitia dalali wa mnada mwenye leseni. Piga picha, andikisha kwa polisi upate namba ya OB (kile kitabu cha ripoti cha polisi), siku hiyo hiyo au kesho yake enda kortini au tribunalini uombe amri ya haraka. Usivunje kufuli, hapo kesi inakugeukia.

*Miezi 2 ya notisi ya duka ilishapita sikupeleka.* Tribunali inaweza kukuruhusu kuchelewa ukiwa na sababu ya maana, kwa mfano ulikuwa umelazwa na uko na karatasi za hospitali. "Sikujua" ni sababu dhaifu. Enda haraka.

*Ploti imeuzwa na mwenye mpya anasema hanijui.* Kwa duka linalolindwa, mwenye mpya anachukua mahali pa wa zamani, pamoja na wewe ndani. Mpe nakala ya risiti zako, muulize kwa maandishi alipwe kwa namba gani.

*Mtu amenitumia sheria ya 2021 inasema vingine.* Hiyo ni mswada wa landlodi na mpangaji, unazungushwa sana kwa magrupu. Mswada si sheria mpaka Bunge ipitishe na rais atie sahihi. Usiandike kwa barua yako "kulingana na sheria ya 2021", wakili wa landlodi atakuanzia hapo hapo. Andika Sura ya 296 au Sura ya 301, kulingana na ile iliyokushika kwenye hatua ya 3 au ya 5.